Mgonjwa Aliyekaa Kitini

Kwetu milimani, upande wa Kwashemshi, mtu akiumwa tunasema anaumwa. Tunasema kisimani, tunasema sokoni, mpaka mbuzi wa jirani wanajua. Nilipoolewa na Mzigua ndipo nilipojua kwamba wako watu ambao mgonjwa wao hasemwi. Ukimuuliza mwenye nyumba mgonjwa anaendeleaje, anakujibu hajambo kabisa, jana kala ugali wote, na huku mgonjwa mwenyewe yuko ndani anahesabu boriti. Kwao si uongo. Wanaamini ugonjwa una masikio, na ukisikia unatajwa na kila mpita njia utaona umekaribishwa, utakaa. Mimi nilikuwa nawacheka. Nyie, nilikuwa nawaambia wifi zangu, mtakufa mkiwa wazima. Nao wananijibu kwamba Mshambaa hata akijikwaa hupiga mbiu. Tulitaniana hivyo mpaka desturi hiyo ilipotaka kuniulia mume.

Mume wangu alikuwa mtu wa korona. Korona ni ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, na sisi wa makambini tuliita kiwanda kizima kwa jina hilo. Yeye alikuwa chumba cha brashi, pale singa, nyuzi za mkonge zilizokauka, zinapopigwa mpaka zilainike. Vumbi lake jeupe linaingia kwenye nywele, kwenye maji ya kunywa, kwenye uji wa mtoto. Aliingia humo wakati wa mzungu, bendera ikabadilishwa yumo, shamba likachukuliwa na serikali yumo. Na alifurahi, jamani. Aliupenda Uhuru kama mtu anavyopenda shamba aliloling'oa visiki mwenyewe. Redio ya kambini ikisema kila mtu afanye kazi, na asiyefanya kazi ni kupe anayenyonya damu ya wenzake, yeye anatikisa kichwa kuitikia, kana kwamba anaambiwa yeye peke yake. Mimi niliyekuwa na uji jikoni sikuwa na nafasi ya kutikisa kichwa.

Kisha kifua kikaanza. Kwanza kikohozi kikavu ambacho kila mtu wa brashi alikuwa nacho, hata hatukukijali. Halafu akaanza kukonda, jasho la usiku linalowesha mkeka, na siku moja nikaona damu kwenye kitambaa alichokuwa anakificha. Mganga wa zahanati ya shamba alimpumzisha kazi. Akasema dawa za pale hazitoshi, huyu ni wa kulazwa hospitali ya Korogwe, akangoje nyumbani mpaka kitanda kipatikane. Shamba lilikuwa na utaratibu wake: aliyepumzishwa kwa ugonjwa alipata nusu ya mshahara, tuliita posho ya ugonjwa, na mimi mkewe nilikuwa naruhusiwa kuichukua. Tena ilikuwapo kodi ya kichwa, ile waliyolipa wanaume wote kwa halmashauri. Mgonjwa asiyeweza kazi alisamehewa, mradi halmashauri ya pale anapoishi imwandike hivyo. Mambo yalikuwa wazi. Sikuona ugumu wowote.

Hapo ndipo mjomba wake akatokea. Kwa Wazigua mtoto wa dada ni wa mjomba, na akiugua haachwi auguzwe kambini na mke wa kuja. Mjomba alitoka Mazingara na vijana na baiskeli, akanisalimia kwa adabu zote, akasema wamekuja kumchukua mtoto wao. Mtoto mwenyewe ana mvi. Hakuna aliyeniuliza. Nilifunga masufuria yangu, nikawabeba wanangu, nikafuata nyuma nikinung'unika njia nzima, na mume wangu akicheka kidogo juu ya baiskeli mpaka kikohozi kikamkataza.

Lakini nisimseme vibaya mzee yule. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mkulima wa mahindi na mihogo. Kila asubuhi alimpelekea mume wangu uji kwa mkono wake, akakaa naye mpaka aumalize. Kuna siku nilimkuta anamnyoa ndevu, anamgeuza kidevu taratibu, mikono ile mikubwa ya jembe inaogopa kumkata. Nilirudi nyuma nisiwaone.

Siku karani wa kodi alipofika mimi sikuwapo. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na maji tuliyafuata mbali. Nilisimuliwa baadaye. Karani alikuwa kijana wa bomani Handeni, anapita nyumba kwa nyumba kuwaandika wanaume wa kulipa. Mume wangu aliposikia serikali imefika aliomba kanzu yake na kofia. Akatoka amejishikiza ukutani mpaka mlangoni, na alipofika mlangoni akauachia ukuta. Akampa karani mkono, akavutiwa kiti, akakaa. Akauliza habari za Handeni, mvua, barabara, vile vijiji vipya vya kuishi pamoja vitaanza lini. Hakukohoa hata mara moja. Alikizuia kikohozi muda wote ule, mimi sijui kwa nguvu gani. Karani akamuuliza mjomba huyu naye ni nani. Mjomba akasema ni mwanangu, ni mfanyakazi wa shamba la mkonge, hajambo, mzima kabisa, na mshahara wake unakuja kila mwezi, tunamshukuru Mungu. Wakampa karani kuku akaondoka naye.

Niliporudi na ndoo kichwani nilimkuta mume wangu amelala sakafuni chumbani, bado amevaa kanzu, mkono wa kanzu una damu. Alikuwa anatabasamu. Aliniambia serikali imekuja kututazama.

Basi. Karani aliandika alichokiona na alichokisikia. Mwanamume mzima, anaishi Mazingara, analipwa mshahara, kwa hiyo alipe kodi ya mwenye mshahara, ambayo ilizidi ya mkulima. Na kwa kuwa mwenye mshahara hulipa kwa kukatwa huko huko kazini, halmashauri ikawaandikia watu wa shamba: mtu wenu yuko huku kwake, mzima, mbona kodi yake hatuipati? Na watu wa shamba, ambao wakati ule walikuwa wakubwa wapya na wanaogopa kuambiwa wanafuga kupe, wakashtuka. Nilipokwenda kuchukua posho, karani wa kambi alinitazama kama aliyenifumania na mali ya watu. Akaniambia habari waliyonayo ni kwamba mgonjwa amepona zamani, arudi kwenye brashi yake, na posho imefungwa. Kisha, kwa sauti ileile, akaniambia kitanda cha hospitali kimepatikana, kama bado anakihitaji.

Nilirudi Mazingara nikiwa sijui nilie au nicheke. Kitanda kipo! Kesho yake tukapanda lori la mahindi liendalo Korogwe. Kwenye kizuizi, gogo lililokatiza barabara, askari walikuwa wanataka cheti cha kodi kwa kila mwanamume, na asiyekuwa nacho aliteremshwa, akapelekwa kulima barabara mpaka ndugu zake wamlipie. Mimi nilikwishajipanga, nitasema ni mgonjwa. Askari alipochungulia, mume wangu akasimama katikati ya magunia, amenyooka wima, akasema hana cheti lakini atalipa akirudi. Nikapiga kelele kwamba anaumwa, anatema damu, anakwenda kulazwa. Askari akamtazama, akanitazama mimi, akasema kila anayeliona gogo lile huanza kuumwa. Hata hivyo alikuwa na huruma. Hakumkamata. Alituteremsha tu, akatuambia turudi tulikotoka tukatengeneze mambo yetu.

Hapo ndipo miguu yangu ilipojua kazi. Bomani Handeni waliniambia wafute nini wakati mtu ana mshahara. Nilete barua ya shamba kwamba yuko kwenye posho ya ugonjwa. Nikaenda shamba. Shamba wakasema posho wameifunga kwa sababu bomani wamesema ni mzima. Nilete barua ya bomani kwamba ni mgonjwa. Nikarudi bomani. Kodi inaingoja posho, posho inaingoja kodi, na mume wangu anazingoja zote mbili akitema damu kwenye kopo la majivu. Kuku tuliuza, khanga zangu nzuri niliuza, na zikaisha kwenye nauli kabla hazijafika kwenye kodi. Niliombwa nije kesho. Niliombwa nije Jumatatu. Niliambiwa haraka haraka haina baraka, na mtu aliyekuwa anapuliza chai yake. Kwenye ukuta wa ofisi waliandika Uhuru na Kazi, na mimi niliyatazama maneno yale mpaka nikayachukia, Mungu anisamehe.

Mganga wa zahanati aliniandikia barua ya ugonjwa, mtu mwema yule. Niliipeleka kwa yule karani kijana. Aliisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia. Alisema mganga alimwona mume wangu kabla yake. Yeye amemwona baadaye, amekaa kitini, amevaa kanzu, na amemkaribisha vizuri kuliko wazima wengi wa Mazingara. Macho yake ayaweke wapi? Nilimwambia aliona kanzu, hakuona mtu. Nilimwambia na mengine ambayo hayaandikiki, watu wa kwenye foleni wakaanza kunong'ona. Alingoja mpaka nikachoka. Kisha akasema jambo la maana: aliyetoa habari ni mzee mwenye nyumba, basi aje yeye aifute kauli yake.

Nilimwendea mjomba jioni ile, nikapiga goti, nikamsalimia shikamoo, nikamweleza kila kitu mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa anapukuchua mahindi, akaendelea kupukuchua. Nikakasirika, nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua.

"Na mwenye kuyatangaza?" akauliza.

Nikamwambia mwenye kuyatangaza hupata dawa.

"Mama yake huyu alipougua, niliyesema ni mimi," akasema. "Nilitoka hapo nje nikawaambia watu dada yangu haponi, waje kumuaga. Walikuja. Walipomaliza kumuaga akakata roho. Mwanangu, nitie kamba univute mpaka bomani, nitakwenda. Lakini neno hilo sitalisema tena."

Nilichukua hindi nikaanza kupukuchua naye.

Akabaki mwenyewe. Nilimwambia mume wangu ukweli kwamba hakuna mwingine; yeye mwenye kifua ndiye aende aseme kifua chake. Alikuwa amelala upande, hawezi tena kulala chali.

"Nile nusu mshahara na sifanyi kazi," akasema, "halafu niende kwa serikali niombe nisilipe kodi. Sasa kupe ni nani, mama watoto?"

Nilimjibu kwa hasira. Nilisema miaka yote ile ya vumbi shamba ndilo lililomnyonya yeye, na kama kuna damu iliyotoka basi ninayo kwenye kopo, niwapelekee waione. Alifumba macho. Nililia nje, nyuma ya jiko, nikiwa na hasira naye, na redio, na mjomba, na mimi mwenyewe kwa kumpenda mtu mwenye kiburi cha aina ile. Maana kilikuwa ni kiburi, lakini hakikuwa kibaya. Alitaka awe na faida kwa watu, basi. Hakujua namna nyingine ya kuwa mwanamume.

Mvua za kwanza zilipoanza hakuweza tena kuinuka kujisaidia. Nilikwenda kwa karani mara ya mwisho, na safari hii sikupiga kelele. Nadhani ukimya wangu ndio uliomtisha. Alisema nimlete, nimlete vyovyote vile, atamwomba mkubwa wake wa fedha atoke amtazame kwa macho yake, na wakiridhika atafuta palepale.

Tulimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani, kisha kwa lori mpaka Handeni. Mjomba alishika mguu wa kitanda kwa mbele na hakukubali kupokewa. Njiani nilimfundisha mume wangu kama mtoto. Usisimame. Wakija, lala. Usimpe mtu mkono. Ukisikia kikohozi, kohoa. Akasema sawa, nimekusikia.

Baraza ya bomani ilijaa wanaume waliokuja kulipa. Tulimtandikia mkeka karibu na nguzo, akajilaza, watu wakasogea. Nikaanza kumshukuru Mungu. Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka karani na mkubwa wake, mzee mmoja wa makamo amevaa miwani. Na mume wangu akaishika ile nguzo. Nilimwona, nikamvuta kanzu, akautoa mkono wangu. Alipanda nguzo ile kidogo kidogo, mishipa ya shingo imemtoka, mpaka akasimama. Akafunga kifungo cha kanzu. Akatoa mkono kumsalimia mgeni, pale kwenye ofisi ya mgeni mwenyewe.

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, nilitaka kumpiga mbele ya watu wote wale.

Mzee wa miwani akaupokea mkono, akauliza hali. Ni salamu tu, kila mtu huuliza hali. Mjomba alifungua mdomo, nikajua anataka kusema hajambo, maana ndilo neno lake siku zote. Halikutoka. Aliinamisha kichwa, akatazama miguu yake iliyojaa tope. Mume wangu akamtazama mjomba wake. Alimtazama vizuri, kama anayemuuliza jambo. Kisha akauacha mkono wa yule mzee, akaachia nguzo, akakaa chini, na alipokwisha kukaa akalala. Hakuanguka. Alilala mwenyewe, taratibu, na kanzu yake nyeupe, kwenye saruji, mbele ya wanaume wenzake walioshika fedha zao za kodi.

"Naumwa," akasema. "Wazee wangu, naumwa. Sina nguvu. Kazi siiwezi tena."

Akaanza kulia, na kulia kukaleta kikohozi, na kikohozi kikaleta yale yaliyokuwa yanaletwa na kikohozi. Karani kijana aligeukia ukutani. Maneno yale nilikuwa nimeyatafuta tangu kiangazi, nimeyatembelea kwa miguu, nimeyapigia magoti. Yalipotoka nilitaka kumziba mdomo kwa kiganja changu ayarudishe.

Waliandika palepale. Walifuta kodi yote, wakatupa karatasi mbili zenye muhuri, moja ya kizuizini na moja ya shamba, na mzee wa miwani akatutafutia gari mwenyewe. Kwenye kizuizi askari aliisoma karatasi, akaliinua gogo bila neno. Posho ilifunguliwa, na ile iliyokuwa imezuiliwa nikalipwa. Hospitali walimpokea, wakamchoma sindano mpaka makalio yakawa magumu, na alikaa huko muda mrefu hata mtoto wetu mdogo akamsahau sura. Kodi ile ya kichwa nayo muda si muda ikafutwa nchi nzima. Mjomba aliniletea habari hiyo mwenyewe, akacheka mpaka akajifuta machozi, sijui yalikuwa ya nini.

Na mume wangu alipona. Hakurudi kwenye brashi. Tulihamia kijijini na wenzetu, akalima, akanenepa, akawa mtu wa kuamka kabla ya jogoo. Kifua kilibaki kinalia kidogo wakati wa baridi, basi. Ila akisikia mgeni anapiga hodi, hasa mgeni wa ofisini, aliingia ndani. Alipita mlango wa uani, akakaa chumbani gizani. Mimi ndiye niliyevuta viti. Siku moja alikuja mwenyekiti na wageni wake kutoka Handeni kuyatazama mahindi yetu, maana yalishinda ya wote mwaka ule. Nikamfuata chumbani nikamwambia wamekuja kukupa mkono, toka. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango na jembe lake begani, tope mpaka magotini, jasho la kazi linamtiririka.

"Waambie naumwa," akasema.